Zebaki si Nyota

Hakuna mchimbaji wa dhahabu katika Geita asiyeijua zebaki. Ni madini ya majimaji, mazito, yenye kung'aa kama fedha. Wachimbaji wadogo huyachanganya na mwamba uliokwisha kusagwa ili yakamate chembe za dhahabu. Kisha huchomwa moto, na mvuke wake ni sumu imwingiayo mtu asijue. Basi mchimbaji huyo akirudi nyumbani jioni, akamkuta mwanawe akikariri somo la kesho na kusema kwamba Zebaki ni sayari iliyo karibu na jua kuliko zote, atafikiri nini? Ama atadhani mtoto amechanganya mambo, ama atadhani kwamba elimu ya shule ni kitu cha peke yake, kisichohusiana na maneno ya watu. Sisi twasema kuwa mtoto huyo hana kosa. Kosa ni la orodha aliyopewa.

Orodha yenyewe, ambayo wanafunzi wengi wa shule za msingi katika nchi yetu wameikariri, ni hii: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Yapendeza masikioni, na hata kuimbwa yaweza kuimbwa. Lakini mtu ayajuaye majina ya nyota kama walivyoyatumia mabaharia wa pwani akiisikia hushika kichwa. Zuhura ni Zuhura kweli, na Mirihi ni Mirihi. Mengine yote ni vurugu.

Tuanze na hiyo Zebaki. Sayari ya kwanza kutoka jua ina jina lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu tangu zamani, nalo ni Utaridi. Waingereza huiita Mercury, kwa jina la mungu mmoja wa Warumi wa kale, na kwa jina hilo hilo huyaita yale madini ya majimaji. Hatuoni njia nyingine ya kulieleza jambo hili ila moja: mtu alikaa mezani na kamusi ya Kiingereza, akalitafuta neno, akakuta zebaki, akaandika. Mbinguni hakutazama. Kisha, kwa kuwa Utaridi lilibaki mkononi bila kazi, likapelekwa mwisho kabisa wa safu, likapewa Pluto, gimba lililogunduliwa mwaka 1930. Sayari iliyo karibu na jua ikanyang'anywa jina lake, na jina hilo likatupwa kwenye baridi na giza la mbali. Mwaka 2006 wataalamu wa nyota wa mataifa walipoamua kwamba Pluto haihesabiwi tena pamoja na sayari kubwa, Utaridi nalo lilitoka katika hesabu. Jina lenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja limepotezwa mara mbili, na hakuna aliyelia.

Mengine hayana nafuu. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, imeitwa Sumbula. Sumbula ni shuke la nafaka, nalo ni jina la buruji, yaani moja ya yale makundi kumi na mawili ya nyota ambayo jua huyapitia katika mwaka. Zohali, sayari yenye pete, imeitwa Sarateni. Na Saratani ni kaa, buruji nyingine, neno ambalo leo mgonjwa hulisikia hospitalini Bugando kwa maana ya kutisha. Zohali lenyewe limehamishiwa Uranus, ambayo hakuna aliyeitambua kuwa ni sayari mpaka William Herschel alipoiona kwa darubini mwaka 1781. Kausi, ambalo maana yake ni upinde, na ni buruji pia, limebandikwa Neptuni, iliyopatikana mwaka 1846. Wahenga wa Kiarabu walijua sayari tano zionekanazo kwa macho, nao wakazipa majina matano. Hawakuacha jina la akiba kwa ajili ya sayari wasizoziona. Ni sawa na mtu atwaaye majina ya mitaa ya Mwanza, Kirumba, Mabatini, Igoma na Nyakato, akawapa watu, kisha akashangaa kuona barua hazifiki.

Twajua wako watakaosema: jina ni jina tu, na nyota haiulizi inaitwaje. Hatukubaliani nao, na sababu yetu ni kwamba majina haya hayakutungwa kwa ajili ya mitihani. Yalitoka katika kazi.

Waarabu wa jangwani, kabla hata ya kuja kwa Uislamu, walikuwa wafugaji. Walihitaji kujua lini mvua itanyesha ili malisho yaote, na lini joto litakausha visima. Waliigawa njia ya mwezi mbinguni katika vituo ishirini na vinane, na kila kituo wakakitambua kwa nyota zake. Wakatazama kipi kinazama alfajiri na kipi kinachomoza upande wa pili, wakazihesabu siku kwa namna hiyo. Elimu hiyo waliiita anwa, na katika karne ya tisa mwanachuoni Ibn Qutayba aliandika kitabu kizima juu yake. Huko Oman, ambako wako jamaa zetu wengi wasemao Kiswahili, wakulima waligawana maji ya mifereji usiku kwa kutazama nyota: nyota fulani ikichomoza juu ya kilima au ukuta fulani, zamu ya huyu imekwisha, na ya jirani yake imeanza. Mtu aliyekosea jina la nyota katika kijiji kama hicho alikuwa ameiba maji.

Na kama walivyo wafugaji mahali pote, waliitazama mbingu wakaona mifugo na mahari. Liko kundi la nyota ndogo zilizobanana, nao waliliita Thuraya. Nyuma yake hufuata nyota nyekundu yenye nuru kali, iitwayo Dabarani, yaani mfuasi. Walisimulia kwamba Dabarani alimposa Thuraya, naye akamkataa kwa kuwa hana mali. Basi Dabarani akakusanya ngamia, zile nyota ndogo zinazomzunguka, na tangu siku hiyo huwaswaga mbele yake usiku kucha akimfuata bibi huyo, wala hajamfikia. Weka ng'ombe mahali pa ngamia, na hadithi hii haitahitaji kufafanuliwa kwa mzee yeyote wa Usukuma.

Mwaka 964 mtaalamu aitwaye Abd al-Rahman al-Sufi, aliyefanya kazi Isfahan, alitoa kitabu cha nyota ambamo aliyaweka pamoja maumbo ya Wayunani na majina ya Waarabu, kila moja mahali pake. Wazungu walijifunza sana kutoka kwa vitabu vya namna hiyo, na ndiyo maana hata leo mtaalamu wa Marekani akitaja nyota hutaja Kiarabu bila kufikiri. Aldebaran ni yule Dabarani. Rigel ni mguu. Altair ni tai arukaye. Fomalhaut ni kinywa cha samaki, na samaki huyo ni hut, neno lile lile ambalo kwetu limekuwa buruji ya Hutu. Achernar, inayong'aa sana upande wa kusini mwa ziwa letu, ni akheri ya mto.

Lakini liko moja lenye mkasa. Ile nyota nyekundu kubwa iitwayo Betelgeuse ilikuwa yad al-jawza, mkono wa Jauza. Mwandishi mmoja wa Ulaya katika zama za kati, alipokuwa akinakili, aliisoma herufi ya kwanza vibaya. Ya yenye nukta mbili akaiona kuwa ba yenye nukta moja. Nukta moja tu. Wote waliokuja baadaye walinakili kosa lake, na leo dunia nzima inalitamka bila aibu. Hivyo ndivyo kosa lilivyo: likishachapwa huzeeka, na likizeeka huheshimiwa. Kosa la Ulaya lina mamia ya miaka na halitatoka tena. La kwetu bado ni bichi, waliolichapa wajukuu wao wangali shuleni, na laweza kung'olewa.

Twarudi pwani. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliyachukua majina ya wafugaji wakayafanya dira. Walikuwa na pande thelathini na mbili, na pande hizo ziliitwa kwa nyota zichomozapo au zinapozama: Thuraya hapa, Tai Arukaye mashariki kabisa, Akarabu kule, Suheli karibu na kusini. Katika Kiswahili cha pwani suheli likawa jina la upande wenyewe wa kusini, na matlai, pepo za mashariki, ni neno la Kiarabu la mahali nyota inapochomoza. Kimo cha nyota walikipima kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, nao walikihesabu kwa vidole. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, mahali paitwapo leo Ras al-Khaimah, alikamilisha karibu mwaka 1490 kitabu chake kikubwa cha elimu hiyo, tena akatunga shairi la njia ya kwenda Sofala, lipitalo katika pwani yetu. Husemwa mara nyingi kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi kwenda India mwaka 1498. Wanahistoria wengi leo hawalikubali jambo hilo, nasi twafurahi kwa ajili ya heshima yake. Rubani aliyemwongoza Mreno huyo, awaye yote, alijulikana kwa cheo chake: Wareno waliandika malemo, nalo ni neno letu mwalimu. Katika chombo mwalimu alikuwa mtu wa kuzijua nyota.

Elimu hii haikuja kwetu kama kitu kilichogandishwa. Nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia wa Kiarabu waliiita Jah, haionekani Mwanza wala Unguja, kwa kuwa tuko kusini ya ikweta na yenyewe iko chini ya upeo wa macho. Mabaharia waliozidi kuja kusini iliwabidi waiache, wazipime nyota za Farkadi zilizo juu yake, na zikishuka hizo nazo, wapime nyota saba za Nashi, ambazo Waarabu waliziona kuwa jeneza na mabinti wanaolifuata wakilia. Ndiyo kusema kwamba watu wenye akili walizipima nyota kwa mahali waliposimama. Hawakukariri orodha ya mahali pengine.

Wala si majina yote yaliyotoka Arabuni. Lile kundi ambalo Waarabu waliita Thuraya, sisi twaliita Kilimia, na neno hilo ni la kilimo, halina mkopo. Wazulu huliita isiLimela, na Wasotho selemela. Mzizi ni mmoja kutoka Lamu mpaka Afrika Kusini, ushahidi kwamba babu zetu walilima wakilitazama kabla hawajatawanyika. Methali ya pwani yasema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Atakaye kuihakiki aitazame mbingu mwaka mmoja. Mwezi wa Mei, masika yakiwa hayajaisha, Kilimia hutoweka magharibi pamoja na machweo. Kinaporudi mashariki alfajiri za Juni, kiangazi kimeanza. Katikati ya Novemba kinachomoza jioni giza linapoingia na kuzama alfajiri, na huo ndio wakati ambapo mkulima wa pamba katika Usukuma yuko shambani na mbegu mkononi.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 walilijua neno hilo. Katika kitabu cha Ayubu waliandika Kilimia, na kila Mkristo aliyesoma shule ya misheni amelisoma. Lakini katika aya hizo hizo, kwa kundi la jirani yake, waliandika Orioni. La kwanza walilipata kwa watu. La pili walilichukua vitabuni. Twalitaja jambo hili bila kuwalaumu, maana kazi yao ilikuwa kubwa, lakini laonyesha pengo lilipo.

Tena pengo hilo ni la kustaajabisha kwetu sisi wa kando ya ziwa, kwa kuwa Orioni ni nyota za hapa. Zile nyota tatu zilizojipanga katikati yake hupita karibu sana na mstari wa ikweta ya mbingu. Huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili, na kwetu hupita karibu na utosi. Mvuvi aliye katikati ya ziwa huziona zikitoka upande wa Musoma na kuzama upande wa Bukoba. London hazipandi juu namna hiyo. Kwa muda wa miezi kadhaa ya kila mwaka Mungu ametundika dira juu ya kichwa cha mvuvi wetu, na katika kitabu cha mtoto wa mvuvi huyo haimo.

Na mvuvi wa dagaa ni mtu wa usiku kuliko mfanyakazi mwingine yeyote katika nchi hii. Kazi yake ni kuwaita dagaa kwa mwanga, zamani kwa karabai, na sasa zaidi kwa taa za betri na za nguvu ya jua. Mwezi ukiwa mkubwa mwanga wake hauna maana, na mitumbwi hubaki nchi kavu. Kwa hiyo hutoka siku za giza, yaani siku zile zile ambazo nyota huonekana zote. Siku hizi wako wenye simu za kuwaonyesha walipo, nalo ni jambo jema, kwa maana ziwa hili limeua wengi. Hata hivyo hatuoni sababu ya mtu kukaa chini ya nyota usiku kucha, mwaka baada ya mwaka, na lugha yake ya shule isiwe na neno la kumpa ila la kuazima na lenye makosa.

Watu wa Mwanza wanajua vizuri zaidi kuliko wengine maana ya jina kutolewa na mgeni. Agosti 1858 Speke alifika hapa, akaliona ziwa, akaliita kwa jina la malkia wake. Habari za ziwa hilo yeye na Burton walikuwa wamezipata Kaze, katika Tabora ya leo, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, hasa Snay bin Amir, aliyewaeleza kwamba kaskazini iko bahari ya Ukerewe. Ziwa lilikuwa na watu, na watu walikuwa na jina, Nyanza. Jina la malkia likaingia katika ramani, na limo mpaka leo, hata katika ramani zetu wenyewe. Kiswahili nacho kilifika huku kwa njia ya misafara hiyo ya pwani, pamoja na tanga na jahazi: katika miaka ya 1870 mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro aliunda jahazi Ukerewe. Hatusahau kwamba misafara hiyo hiyo ilibeba pembe na watumwa. Lakini maneno yaliyokuja nayo yamekuwa yetu kwa kuyafanyia kazi, na asemaye leo kwamba Utaridi na Mshtarii yatupwe kwa kuwa ni ya Kiarabu, atuambie kwanza Sumbula, Sarateni na Kausi ni ya wapi. Ni Kiarabu kile kile, ila kimepotoka.

Twataka nini, basi? Orodha ya sayari irekebishwe katika kila kitabu kitakachochapwa upya, isomeke Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Na zile mbili za mwisho, ambazo hazikuonekana kwa macho ya wazee wa taifa lolote, ziitwe Uranus na Neptuni kama ziitwavyo duniani. Zebaki iachiwe wachimbaji. Sumbula, Saratani na Kausi yarudi katika buruji. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na Taasisi ya Elimu ipo. Si kazi ya kuwashinda, wala si kazi ya kamati tatu.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Majina ya nyota yaliyomo katika vinywa vya Wasukuma, Wakerewe, Wakara, Wajita, Wazinza na Wahaya yakusanywe, pamoja na kazi iliyofanywa kwa kila jina. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alituonyesha mfano. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha maisha ya watu wake. Hakuna aliyekichapa, na kilipotolewa kwa Kiswahili mwaka 1980 alikuwa mzee sana, akafa mwaka uliofuata. Tusiwangojee wazee wengine namna hiyo. Mlango wa nje uko wazi pia: mwaka 2017 umoja wa wataalamu wa nyota wa dunia uliliingiza katika orodha yake rasmi jina la Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, Xamidimura, yaani macho ya simba. Nyota hiyo ilikuwa na jina siku zote. Palihitajika mtu wa kulipeleka.

Kazi ya kukusanya haitaki darubini wala fedha za kigeni. Yataka mwalimu na daftari, na wanafunzi wenye adabu ya kuuliza. Kwa kuanzia wasiende mbali. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wako mwaloni, mitumbwi imevutwa mchangani, wanashona nyavu na hawana haraka.